Shajara ya mradi: mashamba yaliyo nyuma ya chupa za mafuta

Januari

Mradi wenyewe ni jedwali moja. Kila mafuta tunayoyafuatilia yana mstari wake: yanatoka kwenye mmea gani, nchi gani, huvunwa lini, na tukio gani la shambani litagusa upatikanaji wake miezi kadhaa baadaye. Wanaolisubiri ni watengenezaji wadogo wa sabuni, losheni na manukato, watu wanaonunua kwa galoni wala si kwa kontena. Hao kwa kawaida hupata habari ya ukame siku muuzaji anapowaambia mzigo umekwisha. Viwanda vikubwa vina mikataba ya miaka na mawakala wanaokaa karibu na mashamba. Hawa wetu wana simu na uvumi.

Tumegawana kazi. Mimi nashika mafuta ya kunukia, yale yanayokenekwa kwa mvuke au kukamuliwa kwenye maganda. Mwenzangu anashika mafuta ya kuchanganyia, yale mazito ya mbegu, kokwa na matunda ambayo ndiyo hupunguza makali ya haya yangu kabla hayajagusa ngozi. Safuwima ya bei tumeiweka mwisho kabisa wa jedwali, na yeye bado ananung'unika.

Nimeanza na machungwa nikidhani ni rahisi. Tatizo la machungwa ni kwamba mafuta yake hayana shamba lake. Hakuna mkulima anayepanda mchungwa kwa ajili ya mafuta ya ganda. Hupandwa kwa ajili ya juisi, na mafuta hutoka kwenye mtambo uleule unaokamua tunda. Ukitaka kujua mafuta yatapatikana kiasi gani, soma habari za juisi. Huko Florida ugonjwa wa kijani wa michungwa, unaoenezwa na mdudu mdogo anayefyonza majani, uligunduliwa mwaka 2005. Msimu wa 1997/98 jimbo hilo lilivuna maboksi milioni 244 ya machungwa. Msimu wa 2022/23, ugonjwa ukiwa umeshatafuna miti na kimbunga Ian kikiwa kimepita Septemba 2022, halikufikisha hata milioni 16.

Mzigo wote ukaegemea Brazili, kwenye ukanda wa São Paulo na Minas Gerais, na ugonjwa huohuo uko huko. Mei 2024 Fundecitrus, taasisi ya utafiti wa machungwa ya Brazili, ilikadiria kuwa msimu wa 2024/25 ungetoa maboksi milioni 232, mavuno madogo kuliko yote katika zaidi ya miaka 30. Mafuta ya machungwa, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa rahisi kiasi cha kumwagwa kwenye sabuni za kuondolea grisi, yakawa ya kuombwa kwa adabu.

Februari

Mwezi wa vimbunga katika Bahari ya Hindi ya kusini magharibi, kwa hiyo nimekaa na Madagaska. Kimbunga Enawo kilitua kaskazini mashariki tarehe 7 Machi 2017, kati ya Antalaha na Sambava. Batsirai kilipiga pwani ya mashariki Februari 2022, Freddy kikafuata Februari 2023, na Gamane kikapita kaskazini Machi 2024. Ukiziweka tarehe hizo kando ya ramani ya mikarafuu unaona kwamba pwani ya mashariki, inayotoa karafuu, ndiyo inayopokea upepo kwanza.

Mkarafuu una hesabu ya aina yake kwa sababu unatoa mafuta ya namna tatu: ya kikonyo, ya jani na ya ua lenyewe. Mengi ya yale yanayouzwa kwa bei nafuu ni ya majani, na huko Madagaska wanakijiji huyakeneka kwenye mitungi ya chuma juu ya moto wa kuni. Kisiwani Pemba hata makonyo hayatupwi, yana kiwanda chake. Mkulima akiona karafuu kavu inalipa vizuri, huacha majani mtini. Karafuu ikishuka bei, hukata matawi akakeneka majani, na akizidisha kukata, maua ya msimu unaofuata hupungua. Kwa hiyo mafuta ya majani yakijaa ghafla sokoni, nayaandika kama tahadhari ya karafuu, si kama neema.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Indonesia ndiyo inayoongoza duniani kwa karafuu, lakini sehemu kubwa ya mavuno yake huishia kwenye kretek, sigara zenye karafuu ndani, zinazovutwa humohumo nchini. Takwimu za uzalishaji wa dunia zinaweza kuonekana nono huku zinazovuka bahari zikiwa chache.

Langilangi pia iko kwenye mstari wa vimbunga. Komoro, na hasa kisiwa cha Nzwani, ndiko inakotoka kwa wingi. Maua huchumwa asubuhi yakiwa ya manjano na doa jekundu kwenye kitako cha petali, na hayangoji: yakirundikwa kwenye gunia hupata joto na kuharibika kabla ya jioni. Kukeneka huchukua saa nyingi, na mafuta hukingwa kwa awamu. Yale ya mwanzo, matamu na mepesi, huuzwa kama daraja la juu kabisa. Kisha daraja la kwanza, la pili, la tatu. Moto ni wa kuni, na kuni zinazidi kuwa mbali. Nimeongeza neno "kuni" kwenye safuwima ya hatari, ingawa mwenzangu aliona si zao.

Yeye kwa upande wake yuko California, ambako mlozi huchanua mwezi huu huu. Jimbo hilo hutoa takriban asilimia 80 ya lozi zote za dunia, na maua hayazai bila nyuki, kwa hiyo mizinga husafirishwa kwa malori kutoka majimbo mengine kila mwaka. Mvua na baridi katika wiki za maua huwaweka nyuki ndani. Lozi zinazokamuliwa mafuta aghalabu ni zile zilizovunjika au zisizofaa kuuzwa nzima, hivyo mavuno yakiwa hafifu na bei ya lozi nzima ikipanda, mkamuaji hugombania kokwa ambazo zamani alipelekewa mlangoni. Hapo ndipo mafuta ya kokwa za aprikoti huanza kuonekana ndani ya chupa zilizoandikwa lozi.

Machi

Hatukujaza mistari mingi mwezi huu. Tumebishana.

"Kaka, watu wanataka bei," aliniandikia.

"Bei wanayo, dada. Wasichokijua ni kama itashuka mwezi ujao au mwaka wa kumi."

Akanyamaza kidogo, kisha akatuma picha ya jedwali akiwa ameongeza safuwima mpya katikati, "muda wa kupona". Nadhani hiyo ndiyo safuwima muhimu kuliko zote. Inajibu swali moja: shamba likifyekwa leo, mafuta ya kawaida yatarudi baada ya muda gani? Mnanaa ni miezi. Pachuli, kichaka cha majani ya kunukia, ni kama nusu mwaka tangu kupandwa hadi kukatwa mara ya kwanza. Vetiva, nyasi yenye mizizi ya kunukia, ni mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, kwa sababu kinachotakiwa ni mizizi. Mkarafuu huchukua miaka kama sita au saba kabla ya kuzaa. Msandali hungoja miaka 15 na zaidi ili moyo wa mti upate mafuta ya maana. Bei ikipanda kwa mnanaa, mtu anaweza kusubiri. Ikipanda kwa sandali, kusubiri hakumsaidii kitu.

Safuwima hiyo ilibadilisha mpangilio wa jedwali lote. Awali lilikuwa limepangwa kwa alfabeti, sasa limepangwa kuanzia kinachopona haraka hadi kile kisichopona ndani ya umri wa biashara ndogo.

Aprili

Juu kabisa: mnanaa wa mentholi. Uttar Pradesh nchini India ndiyo moyo wake, na wilaya ya Barabanki hutajwa kila mara. Zao hili linajipenyeza kati ya mazao mawili. Ngano, viazi au haradali vikitolewa, mnanaa unaingia, unakatwa kuanzia Mei na kabla ya mvua za monsuni kuanza, kisha mpunga unachukua shamba. Likitokea joto kali la mapema, majani yanapungua. Mvua ikiwahi kabla ya kukata, mmea unalowa, mafuta yanapungua na mtambo wa kijijini unakesha na majani mabichi yasiyokauka.

Wakulima wengi hawauzi mafuta yote mara moja. Huyaweka kwenye madumu nyumbani kama akiba, wakauza kidogo kidogo kunapokuwa na harusi au ada ya shule. Kwa sababu hiyo mavuno mabaya hayaonekani sokoni papo hapo. Kwanza madumu ya mwaka jana hutoka mvunguni. Kisha kuna mentholi ya viwandani, ambayo haijali mvua. Ikiwa rahisi, mkulima hupunguza eneo la mnanaa msimu unaofuata. Kwa hiyo mstari huu una swali la ziada, kwamba mkulima ataona bei gani mwezi Januari wakati wa kuamua apande nini.

Pachuli inafuata. Indonesia ndiyo yenye sehemu kubwa mno ya soko la dunia, na kitovu kimehama kutoka Sumatra kwenda Sulawesi. Majani hukatwa, hunyaushwa, kisha hukenekwa. Mvua isiyokatika haiui mmea, bali inazuia kunyaushwa, na majani yenye ukungu hutoa mafuta mabaya. Ukame nao unazuia matawi mapya. Lakini nilichokiona kwenye miaka mingi ya bei zake ni kwamba hali ya hewa ni nusu tu ya habari. Bei ikipanda, kila mtu hupanda pachuli. Baada ya miezi michache soko linafurika, bei inaanguka, na wakulima wanarudi kwenye mahindi au kakao. Udongo nao huchoka haraka kwa pachuli, hivyo wengi huhama shamba. Nikiona dalali ametuma ujumbe wa "nunua sasa kabla haijaisha", kwa pachuli huwa natulia. Kwa sandali nisingetulia.

Mei

Waridi. Mfupi, kwa sababu msimu wenyewe ni mfupi: wiki chache za Mei na mwanzo wa Juni, bonde la Kazanlak nchini Bulgaria na mkoa wa Isparta nchini Uturuki. Huchumwa alfajiri kabla jua halijakausha umande, na inahitajika takriban tani tatu hadi tano za maua kupata kilo moja ya mafuta. Joto la ghafla likibana maua yote yachanue kwa pamoja, wachumaji hawatoshi na mitambo haimudu. Baridi ya Aprili hubabua vichipukizi. Mtu anayetengeneza losheni kwa galoni hahitaji kujua zaidi ya hapo, maana hayo mafuta halisi hatayanunua kwa wingi wowote. Akiyakuta kwa bei rahisi, ajue si hayo.

Juni na Julai

Lavenda imekula miezi miwili, na haijaisha.

Kuna mimea miwili inayoitwa jina moja sokoni. Lavenda yenyewe hupenda miinuko, hutoa mafuta machache kwa hekta, na harufu yake ni laini. Lavandini ni chotara tasa. Haina mbegu, huzalishwa kwa vipandikizi, hustahimili tambarare kama ile ya Valensole kusini mwa Ufaransa, na hutoa mafuta mara kadhaa zaidi kwa hekta ileile. Mafuta yake yana kafuri nyingi zaidi. Ndiyo hujaza sabuni na viburudisho vya hewa, na hakuna ubaya wowote humo mradi chupa iseme hivyo.

Ufaransa ina adui wa miaka mingi, mdudu mdogo mrukaji anayefyonza utomvu na kuambukiza fitoplasma, kijidudu cha jamii ya bakteria, iitwayo stolbur. Kichaka hunyong'onyea, huwa njano, hufa kabla ya umri wake. Hali kavu na joto humfaa mdudu, kwa hiyo kiangazi kibaya kina madhara mara mbili. Wakati Ufaransa ikihangaika na hilo, Bulgaria ilipanda lavenda kwa kasi na katika miaka ya 2010 ikaipita kwa mafuta ya lavenda ya kweli. Wafaransa nao wakapanda lavandini kwa wingi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2020 maghala yalikuwa yamejaa, bei zikaanguka chini ya gharama, wakulima wakaanza kung'oa.

Hapa ndipo safuwima ya "muda wa kupona" inapata kazi ya pili. Kichaka cha lavenda huhitaji miaka kama mitatu kufikia mavuno kamili. Anayeng'oa leo kwa sababu soko limefurika anapunguza mafuta ya miaka ijayo, na hakuna ukame wowote uliotokea. Mnunuzi anayefurahia bei ya chini angepaswa kuuliza ni hekta ngapi zimeng'olewa. Nimeandika swali hilo kwenye jedwali kwa wino mwekundu, na limekuwa ndilo swali ambalo wauzaji hulikwepa zaidi.

Tulipata sampuli tatu za "lavenda halisi" kutoka kwa wauzaji tofauti. Nilichovya vipande vya karatasi, nikaviandika kwa penseli, nikaviacha mezani. Mara ya kwanza kunusa, vyote vilikuwa vizuri. Baada ya muda, viwili vilibaki na utamu wa majani makavu na asali, cha tatu kikaanza kunuka kafuri, ile baridi inayopanda puani kama kabati la nguo za zamani. Kipimo cha kromatografia ya gesi, kinachotenganisha viungo vya mafuta kimoja kimoja, kikathibitisha kafuri iliyozidi sana kiwango cha lavenda. Cheti cha uchambuzi kilichokuja na sampuli hiyo kilikuwa kizuri kupita kiasi, namba zote katikati ya viwango, tena zilezile zilizokuwa kwenye cheti cha mzigo wa mwaka uliotangulia. Mmea hauwezi kurudia namba zake hivyo. Mvua na jua hubadilika, na namba hubadilika nazo.

Tumeweka sharti: cheti kionyeshe namba ya mzigo na mwaka wa mavuno, la sivyo mstari unabaki wa kijivu, yaani haujathibitishwa.

Agosti

Mwezi wa mwenzangu. Amemaliza argani na shea, na ameniletea jambo ambalo mimi sikulipa uzito: sheria.

Argani, mafuta ya kokwa za mti wa jina hilo, ni ya Moroko, bonde la Souss na viunga vyake. UNESCO iliitangaza misitu hiyo kuwa hifadhi ya biosfia mwaka 1998. Miti hustahimili ukame, lakini kustahimili maana yake ni kutokufa. Katika miaka mfululizo ya ukame iliyofika hadi 2024, miti iliishi huku ikidondosha majani na kuzaa matunda machache.

Kwa shea hali ya hewa siyo iliyotikisa soko. Mti huo huota wenyewe kwenye ukanda wa savana ya Afrika Magharibi, hauzai mpaka umri wa miaka 15 hadi 20, na kokwa huokotwa na wanawake mvua zinapoanza. Wanunuzi wakubwa ni wenye viwanda vya chokoleti, si wa vipodozi. Kisha serikali zikaamua kokwa zisindikwe nyumbani: Burkina Faso ilisimamisha kuuza nje kokwa ghafi Septemba 2024, Mali ikafuata Oktoba, na Agosti 2025 Nigeria ikatangaza katazo la miezi sita. Kwa mtu anayenunua siagi iliyokwisha kusindikwa, katazo la kokwa ghafi linaweza hata kuwa na faida, akijua kununua kwa msindikaji wa hukohuko. Kwa anayetegemea kiwanda kilichoko bara jingine kinachoagiza kokwa, ni balaa.

Ametukumbusha pia Indonesia, iliyofunga kuuza nje mafuta ya mawese tarehe 28 Aprili 2022 na kufungua tena 23 Mei. Wiki hizo chache ziliongezea moto soko la mafuta ya mimea lililokuwa tayari limetetemeshwa na vita vya Ukraine, nchi ambayo kabla ya hapo ilitoa karibu nusu ya mafuta ya alizeti yanayouzwa kati ya nchi na nchi. Alizeti yenyewe ni zao la msimu mmoja. Shamba lilikuwepo, mbegu zilikuwepo, bandari ndizo zilizofungwa. Tumekubaliana jedwali liwe na safuwima ya "mlango", yaani kinachoweza kuzuia mzigo baada ya mavuno kukamilika.

Septemba

Sehemu ya chini ya jedwali, ambako mambo hayaponi upesi.

Ubani. Mafuta yake hukenekwa kutoka kwenye utomvu wa miti ya Boswellia. Inayotajwa sana ni ile ya Oman, Yemeni na upande wa Somalia, na nyingine, Boswellia papyrifera, ni ya Ethiopia, Eritrea na Sudan. Mgemaji hukwangua gome, utomvu hutoka mweupe kama maziwa, hukauka kuwa matone, hukusanywa, kisha hukwanguliwa tena palepale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu B. papyrifera ulionyesha kwamba misitu mingi ina miti mikubwa tu: hakuna miche inayokua kwa sababu ya mifugo na moto, na utomvu unaweza kupungua kwa nusu ndani ya miaka 20. Mti uliokwanguliwa kupita kiasi hudhoofika na kuingiwa na wadudu. Mahitaji yakipanda, mgemaji huongeza majeraha kwenye miti ileile, kwa maana hakuna mti mpya wa kuanza nao. Sijui namna nyingine ya kuuweka mstari huu isipokuwa mwisho kabisa.

Sandali ipo karibu nao. Mti wa India umepungua porini kwa sababu ya ukataji, na sasa mashamba makubwa yako Australia Magharibi. Mti wa Afrika Mashariki unaoitwa pia msandali, Osyris lanceolata, uliwekwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 2013 kwa nchi sita za ukanda huo, Kenya na Tanzania zikiwemo. Mtu akiuziwa mafuta yake, aulize kibali kabla ya kuuliza harufu.

Vetiva si mti, lakini imenishughulisha kuliko sandali. Kusini mwa Haiti, karibu na Les Cayes, hutoka sehemu kubwa ya vetiva ya dunia. Ukiorodhesha yaliyolipata eneo hilo utachoka: kimbunga Matthew tarehe 4 Oktoba 2016, tetemeko la ardhi tarehe 14 Agosti 2021, na barabara ya kwenda mji mkuu iliyokatwa na magenge ya silaha tangu Juni 2021. Nyasi yenyewe ilistahimili yote hayo. Mizizi haijali upepo. Kilichokwama ni dizeli ya kuwasha mitambo na njia ya kufikisha mapipa bandarini. Na kwa kuwa mkulima anahitaji pesa leo, huchimba mizizi michanga kabla ya kutimia mwaka. Mafuta huwa machache na mepesi, na mteremko uliochimbwa huondoka na mvua.

Oktoba

Moto wa Ludwigshafen, Ujerumani, umeingia kwenye jedwali, ingawa hakuna shamba lililoungua. Mwisho wa Oktoba 2017 kiwanda cha sitrali cha BASF, kampuni ya kemikali, kiliwaka moto na kampuni ikashindwa kutimiza ahadi za mizigo. Sitrali ni malighafi ya viungo vingi vya manukato na pia ya mentholi ya viwandani. Wanunuzi waliokosa cha kiwandani wakageukia cha shambani, mnanaa na mchaichai, na wakulima ambao hawajawahi kusikia jina la mji huo wakaona bei zao zikipanda.

Kwa hiyo "kibadala" nayo imekuwa safuwima. Kwa kila mafuta tunaandika nini hununuliwa yakikosekana, maana njaa ya bidhaa moja huhamia kwa jirani yake. Mti wa chai (tea tree, si mchai wa kunywa), kwa mfano, hukenekwa zaidi kaskazini mwa New South Wales, Australia, na mafuriko ya Februari na Machi 2022 yaliigusa mikoa hiyohiyo. Kiwango cha kimataifa cha mafuta hayo, ISO 4730, kinadai terpineni-4-oli, kiungo chake kikuu, isiyopungua asilimia 35, na hiyo inaweza kuungwa kutoka vyanzo vingine na mtu mwenye maabara nzuri. Tumeweka alama kwamba mwaka wa mafuriko ni mwaka wa kupima mara mbili.

Novemba

Zeituni zinachumwa. Hispania ilitoa karibu tani milioni 1.49 za mafuta ya zeituni msimu wa 2021/22, na takriban 665,000 tu msimu uliofuata, baada ya ukame na joto lililobabua maua Mei 2022. Msimu wa 2023/24 haukupona sana. Mzeituni huishi karne, lakini una tabia ya kuzaa mwaka mmoja na kupumzika mwingine, kwa hiyo miaka miwili mibaya mfululizo ilikuta maghala matupu. Watengenezaji wa sabuni waliosoma hilo mapema walihamia kwenye mafuta mengine wakati wengine wakisubiri bei ishuke. Ilishuka, lakini baada ya mvua na mavuno mazuri ya 2024/25, si kwa sababu walisubiri.

Puglia nchini Italia ni habari tofauti. Bakteria wa Xylella aligunduliwa huko mwaka 2013, na miti aliyoiua hairudi kwa mvua yoyote.

Nazi ndiyo inayofundisha subira. Tangu ua hadi nazi kukomaa ni kama mwaka mzima, hivyo ukame wa leo utaonekana kwenye mbata mwakani. El Niño ya 2023/24 ilikuja ikapita, watu wakashusha pumzi, na mwaka 2025 bei ya mafuta ya nazi ikapanda hadi kiwango ambacho hakijawahi kuonekana. Ufilipino na Indonesia zina minazi mingi iliyozeeka pia, na kimbunga Haiyan cha Novemba 2013 kiliangusha mamilioni kwa siku moja. Mwenzangu ameweka kanuni rahisi kwenye mstari huo: soma mvua za mwaka jana, si za mwezi huu.

Nyonyo ameimaliza kwa sentensi moja ndefu. Sehemu kubwa hutoka Gujarat nchini India, mkulima huamua Julai na Agosti kati ya nyonyo, pamba na karanga, kwa hiyo kinachoiweka bei ya nyonyo ya Machi ni bei ya pamba ya Julai.

Desemba

Toleo la kwanza limewafikia watumiaji. Swali lililorudi mara nyingi zaidi ni kwa nini hakuna rangi ya kijani kwenye sehemu ya chini ya jedwali. Jibu letu limekuwa kwamba kijani maana yake ni "ukikosa leo, utapata msimu ujao", na kwa ubani na sandali hatuwezi kuandika hivyo.

Mama mmoja anayetengeneza sabuni aliuliza kitu kizuri zaidi: kama anaweza kupata onyo la lavenda iliyong'olewa bila kufuatilia habari za Ufaransa na Bulgaria kila wiki. Kwa sasa hawezi. Takwimu za maeneo yaliyopandwa hutoka kwa kuchelewa, na wauzaji hawazitaji. Mwenzangu anajaribu njia ya kuzunguka hilo, kuangalia vitalu vinavyouza vipandikizi vya lavandini. Oda za miche zikikauka, upandaji umesimama. Anaanza na vitalu vitatu Januari. Mimi narudi kwenye machungwa, kwa sababu makadirio mapya ya Brazili hutoka Mei na mstari ule bado hauna kibadala kinachoridhisha.